Mvinyo Umegoma: Tafuta Chanzo Kabla ya Kutafuta Dawa

Dodoma mizabibu huzaa mara mbili kwa mwaka. Hakuna baridi kali ya kuilaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeilaza na kuiamsha kwa mkasi wa kupogolea. Kwa familia yenye mapipa machache nyuma ya nyumba, iwe Hombolo, Mpunguzi au Bihawana, hizo ni nafasi mbili za kutengeneza mvinyo na nafasi mbili za kuuharibu. Na zabibu za misimu hiyo miwili hazifanani tabia. Za wakati wa mvua huja na maji mengi, sukari pungufu na vichala vilivyoanza kuoza. Za kiangazi huja na sukari tele, asidi iliyoshuka na joto la mchana ambalo halina huruma na pipa.

Mvinyo mwingi unaomwagwa kwenye viwanda vya nyumbani hauuliwi na ugonjwa. Unauliwa na tiba. Pipa limenyamaza, mtu anamwaga sukari. Halijaamka, anaongeza hamira. Limeanza kunuka, anatia dawa mara mbili ya kipimo. Baada ya hapo hata mtaalamu akija hawezi kujua tatizo la kwanza lilikuwa lipi. Kwa hiyo kabla ya yote uwe na haidromita (kipimo kinachoelea kwenye juisi, namba yake hushuka sukari inapoliwa), kipimajoto, kipimo cha pH (ukali wa asidi, namba ikipanda asidi imepungua), mizani inayosoma gramu, na daftari. Mashine ya kusaga zabibu unaweza kuazima kwa jirani, lakini vifaa hivi vitano viwe vyako.

Juisi haijaanza kuchemka, yaani kuchachuka

Saa 24 za kwanza usihangaike. Kama uliweka metabaisalfaiti ya potasiamu, unga wa kuzuia bakteria na hamira za porini, kwenye zabibu zilizosagwa, na kwa zabibu za msimu wa mvua unapaswa kuweka, hamira husubiri karibu siku nzima ndipo itiwe. Ukiitia papo hapo umeipa sumu. Kipimo cha kawaida ni gramu 1 kwa kila lita 10, ambacho hutoa takriban miligramu 57 za dioksidi ya salfa kwa lita. Usipime kwa kijiko, maana unga huu huvuta unyevu, hugandamana na hupoteza nguvu ukikaa wazi. Uchanganyie nje au mlangoni. Mwenye pumu asiusogelee kabisa.

Siku ya pili ikipita bila dalili, chunguza hamira yenyewe. Chukua maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, weka sukari kidogo na kijiko cha hamira. Nusu saa ikipita bila povu, hamira imekufa, pengine tangu ikiwa rafu ya dukani chini ya bati. Hamira ya mvinyo hukaa kwenye friji na hununuliwa kwa kuangalia tarehe.

Kama ilikuwa hai, basi imeuliwa wakati wa kuitia. Hamira kavu huamshwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 40 kwa dakika 15 au 20, gramu 25 kwa lita 100 za juisi. Zabibu zilizovunwa alfajiri huweza kutoa juisi ya nyuzi 18, na ukimimina hamira yenye nyuzi 38 ndani yake, nyingi hufa kwa mshtuko. Ongeza juisi kidogo kidogo kwenye bakuli la hamira mpaka tofauti ya joto iwe chini ya nyuzi 10, ndipo umimine pipani.

Kuna na wanaoogopa bure. Kifuniko kinavuja, gesi inatokea pembeni, mrija wa kutolea gesi uliotumbukizwa kwenye maji hautoi hata kiputo kimoja, na mwenye mvinyo anatangaza msiba. Tumbukiza haidromita. Kama jana ilisoma 1.090 na leo inasoma 1.082, kazi inaendelea.

Ilianza vizuri, ikasimama katikati

Hili ndilo tatizo linalokula fedha nyingi kuliko yote, na swali lake la kwanza ni la ajabu kidogo: una hakika imesimama?

Wengi walionunua kile kipimo cha kutazama kwa jicho moja, kinachotumia tone la juisi, hukipenda kwa sababu ni chepesi shambani. Shambani kinasema kweli. Lakini alkoholi ikishaingia kwenye juisi hupindisha mwanga, na kipimo huanza kudanganya. Mvinyo uliokauka kabisa, usio na sukari ya maana, huweza kusoma Briksi (digrii za sukari) 7 au 8 kwenye kipimo hicho. Mtu anaona 8, anasema hamira imechoka, anatia nyingine. Uchachushaji ukishaanza, tumia haidromita tu. Na hiyo nayo izungushe kidogo ndani ya juisi, maana viputo vya gesi hushikamana nayo na kuiinua. Mvinyo uliomaliza husoma chini ya 1.000, mara nyingi kati ya 0.990 na 0.996.

Basi haidromita inasoma 1.020, siku ya tatu mfululizo haijasogea. Sasa ndiyo imesimama, na mtuhumiwa wa kwanza Dodoma ni joto. Uchachushaji wenyewe huzalisha joto, na makapi ya zabibu nyekundu hupanda juu na kufunga kama kofia. Chini ya kofia hiyo kuna joto kuliko kwingine kote. Mtu akipima juu ya pipa anapata 29 na kuridhika, kumbe katikati ni 36, na hamira nyingi huanza kuelemewa joto likipita 35. Pima ndani, chini ya kofia. Mvinyo mwekundu uchemkie kati ya 25 na 30. Mweupe, kama ule wa zabibu aina ya Chenin Blanc, hupendeza ukikaa chini ya 20, na bila kipoza hewa hapo pana kazi.

Kazi yenyewe inawezekana, kwa sababu Dodoma ina hewa kavu na upepo. Zungushia pipa magunia, yaloweshe, liweke palipo na kivuli na upepo unaopita, na maji yanayokauka yatavuta joto. Ongeza chupa za plastiki zilizojazwa maji na kugandishwa, zioshe kwa nje, zitumbukize asubuhi na mchana. Pipa moja kubwa hupata joto kuliko madogo mawili, kwa hiyo familia isiyo na friji igawe juisi. Simtanki jeusi juani usiliote hata ndotoni.

Chanzo cha pili ni sukari kupita kiasi. Zidisha Briksi kwa 0.55 hadi 0.6 upate makadirio ya alkoholi: juisi ya 22 itakupa kama asilimia 12 au 13. Ya 28 itadai asilimia 16, na hapo hamira nyingi hufa kabla ya kumaliza. Zabibu za msimu wa mvua zikija na 18, sukari huongezwa, takriban kilo 1 kwa lita 100 kwa kila digrii unayotaka kupanda. Lakini hesabu hiyo ifanywe kabla, na ikiishia 22 au 23 inatosha. Anayemwaga mfuko mzima ili "uwe mkali" anatengeneza pipa litakalosimama likiwa tamu, halafu bakteria wafaidi.

Cha tatu ni hamira ya mkate. Inachemsha kwa fujo siku mbili za mwanzo, ikachoka mapema alkoholi inapopanda, na mashapo yake hayatulii vizuri.

Cha nne ni njaa. Hamira inahitaji naitrojeni, na juisi iliyopauka, au ya matunda mengine kama rozela iliyochanganywa na maji, huwa nayo kidogo. Dawa yake ni diamoniamu fosfeti, na hapa mkulima anastuka: si ndiyo ile DAP? Ni jina lile lile, lakini mfuko wa mbolea stoo si chakula, una uchafu usiotakiwa tumboni. Nunua ile ya daraja la chakula, na itiwe mwanzoni, si uchachushaji ukishafika ukingoni.

Kuliamsha pipa lililosimama kuna utaratibu wake. Ukimwaga hamira mpya moja kwa moja ndani ya alkoholi ya asilimia 10, unaitupa jongoo na mti wake. Anza na bakuli: hamira aina yenye nguvu, maji ya uvuguvugu, juisi mbichi kidogo au sukari kidogo. Ikichemka vizuri, ongeza mvinyo uliosimama kiasi sawa na kilichomo bakulini. Subiri ichemke tena, ongeza tena maradufu. Hivyo hamira inazoea alkoholi hatua kwa hatua, na ikifika ndoo nzima inayochemka ndipo unaunganisha na pipa, ambalo umeshalipoza likawa kama nyuzi 22 hadi 25 na kulitenga na mashapo ya zamani.

Neno moja kuhusu chumba. Pipa linalochemka hutoa kaboni dioksidi kwa wingi, nayo ni nzito kuliko hewa na hukaa chini. Watoto wasilale chumba hicho, na mtu asiinamie ndani ya tanki kuchota makapi. Ile habari ya kuingia na mshumaa usiitegemee, kwani mtu anaweza kudhurika mwali ukiwa bado unawaka. Fungua mlango na dirisha za chini, subiri, na asiingie mtu peke yake.

Harufu ya yai bovu

Chanzo kiko shambani au kwenye hamira. Wakulima wa zabibu hupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, na ikipulizwa karibu na mavuno hubaki kwenye maganda, ikaingia pipani, hamira ikaigeuza kuwa haidrojeni salfaidi. Acha kupuliza angalau mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Ukinunua zabibu kwa jirani, muulize alipuliza lini mara ya mwisho, na uulize kabla ya kupatana bei. Chanzo kingine ni ile njaa ya hamira tuliyoitaja, na kingine ni mvinyo kukalia mashapo mazito kwa wiki nyingi.

Jaribio la kutambua ni rahisi. Mimina mvinyo kwenye glasi mbili. Katika moja tumbukiza kipande cha waya wa shaba tupu, uliosuguliwa ukang'aa, koroga dakika moja, toa. Nusa zote mbili. Kama glasi ya shaba imesafika, tatizo ni changa: uchachushaji ukiwa unaendelea, hamisha mvinyo kwa kuumwaga kwa kishindo ili upate hewa, na uwape hamira chakula chao. Kama zote zinanuka sawa, na harufu imeelekea kwenye kitunguu au mpira ulioungua, imeshajigeuza kuwa kitu kigumu zaidi na hewa haitaiondoa. Shaba iishie kwenye glasi ya majaribio. Wapo wanaotumbukiza mabomba ya shaba pipani, na hiyo ni kuwanywesha wateja madini.

Umekuwa na ukungu, hautakati

Usianze kuchuja. Kwanza jua ni ukungu wa nini.

Kama una wiki tatu tu, huenda ni hamira ambayo haijatua. Uhamishe kwa mpira kuacha mashapo, uweke mahali pa baridi, vumilia. Mwezi wa pili ukiwa bado hivyo, chukua vikombe viwili. Cha kwanza kipashe joto hadi nyuzi 80 kwenye sufuria ya maji, kisha kipoe. Ukungu ukiongezeka, ni protini, na bentonaiti, udongo laini wa kutakasia mvinyo, itaiteremsha, nusu gramu hadi gramu 1 kwa lita, iliyolowekwa kwenye maji moto siku moja kabla. Kwenye kikombe cha pili weka sehemu moja ya mvinyo kwa sehemu nne za spiriti kali, tikisa, tazama. Vikitokea vijinyuzi kama vya bamia, ni pektini, ile inayogandisha jemu. Hiyo inawasumbua zaidi wanaochanganya embe au papai, na kimeng'enya chake huwekwa kabla ya kuchachusha, kwa sababu baada ya hapo hufanya kazi kivivu. Kilichomo kwenye kikombe hicho kimwage, asije mtu akakionja.

Kuna malalamiko ya aina nyingine: "nimekuta vipande vya chupa ndani." Mara nyingi si chupa, ni fuwele za tataria, chumvi ya asidi ya zabibu yenyewe, na haina madhara. Nyumbani kwako hukuziona kwa sababu chumba chako hakijawahi kuwa baridi. Zimejitunga kwenye friji ya mteja. Ukipata friji, laza mvinyo karibu na sifuri kwa wiki mbili hivi kabla ya kujaza chupa, zitatua pipani. Usipoipata, andika sentensi moja kwenye lebo ya nyuma.

Chupa zinapasuka au vizibo vinaruka

Soko letu linapenda mvinyo mtamu, na hakuna ubaya. Ubaya ni kutia sukari kwenye mvinyo ambao bado una hamira hai, ukaufunga na kuupakia kwenye basi. Hamira inaendelea na kazi ndani ya chupa, gesi haina pa kwenda.

Mvinyo mkavu ufungwe tu baada ya haidromita kusoma namba ile ile, chini ya 1.000, kwa wiki nzima. Mtamu unahitaji zaidi: utakate kabisa, uhamishwe, uwekewe metabaisalfaiti pamoja na sobeti ya potasiamu, miligramu 200 hivi kwa lita, ndipo utiwe sukari, na ukae pipani wiki mbili ukiangaliwa. Sobeti haiui hamira, huizuia kuzaana tu, kwa hiyo kwenye mvinyo wenye ukungu haina msaada. Na isitumike bila ile metabaisalfaiti: bakteria wa asidi ya laktiki wakiipata huigeuza kuwa harufu ya majani ya jeraniamu, na hiyo haitoki tena.

Asiye na dawa hizo anaweza kuchemshia chupa kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 65 kwa dakika 20, akiacha nafasi shingoni na kutumia vifuniko vya kubana, si vizibo vya koki, vile vya gamba la mti. Lakini chupa zilizokwisha kujaa gesi usizipashe moto hata kidogo. Zipoze kwanza, zifungue moja moja huku umezifunika kwa kitambaa kizito, mvinyo urudi pipani.

Unaelekea kuwa siki

Dalili ya kwanza huja puani: harufu kama ya rangi ya kucha. Ulimi unafuata baadaye. Bakteria wa siki wanataka hewa, joto na mlango wa kuingilia, na mlango huo mara nyingi ni vile vijinzi vidogo vinavyozunguka matunda yaliyooza. Vichala vyenye ukungu vitengwe juu ya meza kabla ya kusaga. Kazi hiyo ya mikono ndiyo inayoweza kuutofautisha mvinyo wa familia na wa kiwandani, na inafanywa vizuri na watu wengi wakipiga soga. Kofia ya makapi izamishwe mara tatu kwa siku, isikauke. Uchachushaji ukiisha, pipa lijazwe mpaka juu. Pipa lililojaa nusu, kila mgeni akija linafunguliwa ili aonjeshwe, ni siki ya mwezi ujao. Ukikosa mvinyo wa kujazia, hamishia kwenye madumu madogo.

Kuna sababu nyingine inayosahaulika, nayo ni pH. Zabibu za kiangazi zikiachwa shambani ziive sana hufika 3.8 na zaidi. Katika pH hiyo unahitaji karibu mara nne ya dioksidi ya salfa ya kwenye 3.2 ili upate kinga ile ile. Ndiyo maana kipimo kilichofanya kazi Machi kinashindwa Septemba, na mtu anasema dawa ni feki. Rekebisha mwanzoni kwa asidi ya tataria: gramu 1 kwa lita hushusha pH kwa kama 0.1, na lengo la mwekundu liwe 3.4 hadi 3.6.

Mvinyo uliokwisha kugeuka haurudi. Ukiuchanganya na mzuri, umepata mbovu wawili. Uache ukamilike kuwa siki, uuzwe kama siki, lakini kazi hiyo ifanyikie nyumba nyingine, kwa ndoo nyingine na mpira mwingine.

Utando mweupe mkavu juu ya mvinyo, usio na harufu kali, ni jambo jepesi kidogo: ni hamira ya porini inayopenda hewa. Vuta mvinyo kutoka chini yake, tia metabaisalfaiti, jaza chombo.

Mengineyo, kwa haraka

Rangi imegeuka kahawia: hewa imeingia, au kuna chuma mahali. Ndoo za bati, mabomba ya chuma na sufuria za alumini hazifai. Tumia plastiki ya chakula, glasi au stenlesi.

Uchungu unaobana koo: umekamua kwa nguvu hadi mbegu zikapasuka. Yanayotoka mwisho yakusanye pembeni.

Harufu ya kabati lenye uvundo: angalia vizibo vya koki vilihifadhiwa wapi, na kama kuna mbao au koki iliyooshwa kwa dawa ya klorini. Tumia magadi ya kufulia na maji mengi, kisha suuza kwa maji yenye metabaisalfaiti na asidi ya sitriki.

Mteja wa kwanza alisifia, wa pili akarudisha

Kabla ya kupeleka sampuli TBS au kuingia kwenye stempu za kodi za TRA, hakikisha chupa ya leo na ya mwezi jana zinatoka pipa moja, au kwamba unajua zinatofautianaje. Kila pipa lipewe namba. Daftari lionyeshe tarehe ya kuvuna, shamba, Briksi, pH, joto la kila asubuhi na jioni, na kila gramu iliyowekwa na nani. Kwenye familia hilo la "na nani" ndilo gumu, kwa sababu baba ametia dawa asubuhi, mtoto akatia jioni, na wote wana nia njema. Mmoja ashike mizani.

Na kwa kila pipa, weka kando chupa tatu, zimelala, gizani. Malalamiko yakija, fungua moja ya kwako mbele ya chupa iliyorudishwa. Kama zote zimeharibika, rudi kwenye daftari. Kama ya kwako ni nzima, nenda dukani ukaangalie rafu: chupa nyeupe zilizosimama dirishani, jua la saa tisa linazipiga, koki zimekauka, na muuzaji amezipanga hapo ili zionekane vizuri.